MGB, Datsun Z au Porsche 911? Uvumi wa kutupa kabla ya kununua gari la spoti la zamani Nairobi

Mpwa wangu alinipigia simu Jumanne usiku. Alikuwa amepunguza orodha yake hadi magari matatu: MGB GT ya Kiingereza ya mwaka 1972 iliyokuwa Lavington, Datsun 260Z iliyokuwa Nakuru, na Porsche 911 SC ya mtu wa Karen asiyekuwa na haraka ya kuuza. "Mjomba, nitajie moja tu," akasema. "Hapa kila mtu ananiambia nisiguse la Mwingereza, na kwamba la Mjerumani litanifilisi." Nikamuuliza kila mtu ni nani. Ni jirani, jamaa wawili wa kazini, na fundi anayehudumia Demio yake. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuamka asubuhi ya baridi ya Julai akavuta choki ya gari la miaka hamsini.

Mimi nimeamka hivyo kwa miaka kumi na minne, na nimeshika spana kwenye Z na 911 za marafiki. Niliyomweleza usiku ule ndiyo ninayoyaandika hapa kwa urefu. Magari yote matatu yanafaa Nairobi, ila uvumi unaozunguka magari ya spoti ya zamani hauyagusi sawasawa. Neno lililo kweli kwa moja ni uongo kwa lingine, na anayechagua kwa uvumi huishia kununua injini nzuri iliyo ndani ya bodi iliyooza.

"Sikiliza injini kwanza"

Huu ndio uvumi ulionigharimu mimi. MGB yangu ya kwanza niliipendea mlio. Muuzaji alipiga stati mara moja, injini ikaitika, nami nikatoa pesa siku hiyohiyo. Miezi mitatu baadaye nilimpelekea fundi wa bodi, mzee mmoja wa Kariobangi. Alitembea kando ya gari akigonga kwa mpini wa bisibisi kuanzia gurudumu la mbele hadi la nyuma. Juu ya mlango chuma kililia. Chini ya mlango kikanyamaza. "Hapa hakuna chuma, kijana wangu," akasema. "Hapa kuna unga." Alipobandua ile fila ya kujazia mashimo tukakuta kipande cha mabati ya paa kilichonyooshwa kwa nyundo, mawimbi yake bado yanaonekana, kimebanwa kwa riveti. Injini ilikuwa nzima kabisa. Bodi ilinila mwaka mzima, na pesa nilizozika humo zingejenga upya injini mbili.

Sababu ni hii. Injini ni vyuma vinavyofunguka na kufungwa, na Nairobi haina uhaba wa watu wa kuvifungua. Karakana za kuchonga vyuma za Industrial Area husawazisha kichwa cha injini, hupanua silinda na kusaga shafti kila siku. Kutu ni shauri jingine. Magari haya hayana chasisi ya kando kama pikapu. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Kwenye MGB uzito huo hubebwa na boksi la chuma lililo chini ya milango, lenye tabaka za ndani ambazo hutaziona kwa kupiga magoti na kurunzi.

Kuna jaribio lisilohitaji fundi. Tazama upenyo ulio kati ya mlango na bodi upande wa nyuma, kisha funga mlango. Piga jeki nyuma kidogo ya gurudumu la mbele mpaka gurudumu liachane na ardhi. Sasa fungua mlango tena. Ukikwama, au upenyo ule ukibana kwa juu, boksi limeoza na gari linajikunja katikati. Rudisha jeki, mshukuru mwenye gari, uende zako.

Kwa Datsun Z, inua betri. Trei iliyo chini yake huliwa na asidi, na maji yakipita hapo hushuka kwenye sakafu na kwenye reli za chini zinazoshika injini. Kisha pitisha kidole ndani ya matao ya magurudumu ya nyuma na pembezoni mwa mlango wa buti. Z iliyooza ni kazi ya mkono: fundi atakata, apinde na kuchomelea kipande kwa kipande. MGB ina bahati yake hapa, kwa sababu British Motor Heritage ya Uingereza ilianza mwaka 1988 kutengeneza bodi nzima mpya za MGB kwa vyombo vilevile vya kiwanda.

Porsche ndiyo iliyo mbali zaidi na janga hili. Kuanzia magari ya mwaka 1976, bodi ya 911 ilitengenezwa kwa chuma kilichopakwa zinki, na SC zote, za 1978 hadi 1983, zimo katika kundi hilo. Zinki hiyo hailindi mahali palipowahi kugongwa na kuchomelewa upya. Kwa hiyo kwenye 911 unatafuta ajali zaidi ya kutu: fungua boneti ya mbele, inua kapeti, uangalie kama mishono ya kiwandani bado imenyooka pande zote mbili.

Halafu uliza gari liliishi wapi. Hewa ya Nairobi na Nakuru ni kavu na haina chumvi. Gari lililokaa Nyali au Malindi kwa miaka kumi limekula chumvi kila usiku hata kama halikuwahi kukanyaga mchanga. Kati ya Z ya bara yenye rangi iliyopauka na Z ya pwani inayong'aa, mimi huchukua iliyopauka bila kufikiri mara mbili.

"Petroli ya siku hizi inaua injini za zamani"

Petroli yenye risasi, yaani madini ya ledi, iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006, na hadi leo kuna wanaoamini kwamba tangu hapo kila gari la zamani linakufa polepole. Risasi ilikuwa ikilinda viti vya valvu, hilo ni kweli. Lakini linahusu nani? Kichwa cha injini ya Z na cha 911 ni cha alumini, na viti vyake vya valvu ni vya metali nyingine iliyopachikwa humo. Hao wawili waache walale. MGB ndiyo yenye kichwa cha chuma cha kawaida, na valvu zake zinaweza kuzama kwenye viti vyake, hasa kwa anayekimbiza injini kwa mwendo mkali saa nyingi mfululizo. Dawa ni kupima nafasi za valvu kila huduma. Zikiendelea kupungua, siku kichwa kitakapofunguliwa kwa sababu nyingine, mwambie fundi apachike viti vigumu. Kwa matembezi ya Jumapili kwenda Limuru, injini ya MGB itakaa miaka kabla haijafika huko.

Jambo linaloumiza magari haya Nairobi kweli ni urefu wa mji wetu, nami nasikitika kwamba halisemwi. Tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban sehemu moja kati ya sita ya nguvu zake. Ukinunua 240Z, ile iliyotangulia 260Z, kwa zile nguvu farasi 150 zilizoandikwa kwenye vitabu, hapa utaendesha kama 125. Si ugonjwa. Usimruhusu mtu akufungulie injini kwa ajili hiyo.

Hewa ikipungua na kabureta ikiendelea kumwaga petroli ileile, plagi huwa nyeusi, moshi hunuka, na oili huoshwa kwenye kuta za silinda. Gari lililopangwa kwa usawa wa bahari linahitaji kupunguziwa petroli hapa. MGB nyingi zina kabureta mbili za aina ya SU, na kwenye zile za mwanzo chini ya kila moja kuna nati yenye pande sita. Pasha injini moto, iache ikinguruma polepole, kisha inua pistoni ya kabureta kwa kijiti chake, unene wa kucha tu. Injini ikipanda na kubaki juu, petroli ni nyingi. Ikishuka au kutaka kuzima, ni kidogo. Ikipanda kidogo kisha ikatulia, umepata. Zungusha nati kuelekea juu, upande mmoja kwa wakati, urudie. Kabureta za Hitachi za Z hufuata kanuni hiyohiyo ya SU, kwa hiyo fundi anayeijua moja hatapotea kwenye nyingine.

Na ukiteremka Mombasa ukiwa umepangwa Nairobi, hesabu inageuka. Ukipita Voi hewa ni nzito, petroli haitoshi, na injini huanza kugonga kwa sauti kama ya misumari ndani ya kopo unapopanda mlima mdogo. Rudisha zile pande mbili tatu za nati kabla ya kuendelea.

Kwa MGB na Z kuna jambo jingine la mwinuko. Maji ya wazi huchemka hapa kwa takriban nyuzi 94 na si 100. Kinachookoa injini ni kifuniko cha radieta, kwa sababu kinabana maji yasichemke mapema. Springi ya kifuniko ikilegea, gari litachemka kwenye foleni ya Mombasa Road, nawe utaambiwa radieta imeziba au gasketi imeungua. Badilisha kifuniko kwanza.

"La Mwingereza huvuja na halina taa"

Kuvuja, ndiyo, kidogo. Injini za MGB za mwanzo, zile za beringi kuu tatu, hazikuwa na sili ya mpira nyuma ya shafti. Zilikuwa na mtaro uliochongwa kama uzi wa skrubu unaorudisha oili ndani shafti inapozunguka. Shafti ikisimama, tone huanguka. Za baadaye, zenye beringi tano, zina sili. Bakuli chini ya gari litakuambia ni matone au ni mkondo.

Habari ya umeme naikataa. Miaka yote niliyokaa na MGB, taa zilizozima zilizimwa na kitu kimoja: waya wa ardhi uliokaa kwenye chuma chenye kutu au rangi. Mfumo mzima una fyuzi za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Jumamosi moja, msasa mwembamba na grisi kidogo kwenye viungio, na gari linawaka kama lilivyotoka kiwandani. Hadi mwaka 1974 MGB ilibeba betri mbili za volti 6 nyuma ya viti. Wengi hapa wamezibadilisha kwa moja ya volti 12, na hilo halipunguzi heshima ya gari. Kwa magari ya kabla ya 1968 hakikisha tu upande wa ardhi ni upi, kwa sababu yale ya mwanzo yalifungwa upande wa chanya ukiwa ndio ardhi, na redio ya kisasa ikifungwa humo bila kujua huungua papo hapo.

"Porsche ni ya maonyesho, na kwa kuwa haina maji haichemki"

Hapa kuna uvumi wa aina mbili unaopingana, na wote ni wa uongo.

Kama 911 ni dhaifu, waulize waliosimama kando ya barabara za Safari Rally mwaka 1978, SC ya kiwanda ilipomaliza ya pili mikononi mwa Vic Preston Jr na nyingine ya nne mikononi mwa Björn Waldegård. Mwaka 2011 Waldegård huyohuyo akashinda Safari Classic, mbio za magari ya zamani, kwa 911. Ni kweli gari hilo halikuwahi kushinda Safari yenyewe, na kwa hilo mtu wa Datsun ana haki ya kutembea kifua mbele: 240Z ilishinda mwaka 1971 na Edgar Herrmann, ikashinda tena 1973 na Shekhar Mehta. Lakini gari linalomaliza la pili kwenye matope yale si pambo.

Kuchemka je? Injini ya 911 hupozwa na feni na oili. Oili yake ni zaidi ya lita kumi, na hapo ndipo wamiliki wapya wanapoharibu. Kipimo chake husomwa injini ikiwa moto, inanguruma, na gari liko mahali tambarare. Ukipima asubuhi injini ikiwa baridi, kijiti kitakuonyesha kama tangi ni tupu. Utaongeza lita mbili, na jioni gari litatoa moshi mzito mpaka majirani watoke nje. Mkanda wa feni nao ndio unaozungusha jenereta ya umeme. Taa ya betri ikiwaka barabarani, simama hapohapo na uzime, kwa sababu huenda feni nayo imesimama. Beba mkanda wa akiba na spana yake chini ya kiti.

Kosa la SC linalotia hofu kwa haki ni boliti ndefu zinazoshika vichwa vya injini. Zile za chini hukatika kimyakimya na gari linaendelea kutembea. Kabla ya kulipa, omba vifuniko vya chini vya valvu vifunguliwe. Ukikuta nati imelala ndani ya kifuniko, injini nzima itashuka, na bei ya kazi hiyo inaweza kukaribia bei ya MGB nzuri. Mwenye gari akikataa kufungua, usibishane naye.

"Spea hazipatikani"

Kwa MGB huu ni uongo mtupu. Zaidi ya nusu milioni zilitengenezwa kati ya 1962 na 1980, na karibu kila kitu, hadi mpira wa pedali, bado kinatengenezwa. Kwa 911 kila kitu kipo, ila bei yake ni ya Porsche. Kwa Z, sehemu za injini si tatizo: injini ya L24 ya 240Z ina kipenyo cha silinda cha milimita 83, sawasawa na L16 ya silinda nne iliyokuwa kwenye Datsun 160J zilizojaa barabara zetu, na 260Z imebaki na kipenyo hicho. Vinavyosumbua ni vile vidogo vya urembo: dashibodi isiyopasuka, vishikio, mipira ya milango. Z iliyokamilika ndani, hata ikiwa na injini iliyochoka, ina thamani kuliko yenye injini mpya na dashibodi iliyopasuka vipande.

Na kabla ya kuagiza ng'ambo na kulipa ushuru, pita Kirinyaga Road. Usiende ukiuliza beringi ya MG, maana utaambiwa haipo. Toa ya zamani, ifute kwa petroli, usome namba iliyochongwa kwenye ukingo wake. Muuza beringi anajua namba, hana haja ya jina la gari. Sili za mpira na mikanda ni hivyohivyo: peleka vipimo.

"Bora lililotembea kidogo"

Kilomita chache huwavutia watu, nami zinanitia shaka. Gari lililosimama miaka sita chini ya turubai limekauka sili, breki zimeshikana, na petroli imegeuka gundi. Kwa MGB na Z ni usumbufu wa wikendi chache: unafungua kabureta, unaosha, unarudisha. Kwa 911 SC ni hatari zaidi, kwa sababu mfumo wake wa Bosch K-Jetronic hupima petroli kwa kijiti chembamba kinachoteleza ndani ya tundu, na gundi hiyo hukinasa.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, gari litembee lisitembee. Yabadilishe kila miaka miwili. Ukiteremka Mai Mahiu na mafuta ya zamani, yatachemka ndani ya mabomba na mguu utafika sakafuni. Matairi nayo yasome: tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye ile namba inayoanza na DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka.

Kuhusu kununua ili upate faida, nitasema machache. Kwa kawaida haturuhusiwi kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo yaliyoko nchini ni machache, na machache hupanda bei. Lakini gharama za bodi humeza faida hiyo upesi. Linganisha namba ya chasisi na ya injini na zilizo kwenye logibuku kabla ya kutoa shilingi, na ukikata bima kamili, kubaliana na kampuni thamani ya gari kwa maandishi. La sivyo watalihesabu kama gari kuukuu.

Nilivyomwongoza mpwa wangu

Moyo wangu uko kwa MGB, na kwa mtu anayetaka kujifunza kushika spana mwenyewe ndiyo ninayomtajia kwanza. Kwa anayetaka kutoka kila wiki, foleni na mvua, na ana mfuko wa kustahimili bili moja kubwa, 911 SC ndiyo imara kuliko zote. Z nampa anayependa safari ndefu na ana subira ya kutafuta vidogo vidogo.

Tulianza na Lavington. GT ilikuwa nzuri machoni, kijani kibichi, viti vimeshonwa upya. Nikapiga jeki. Mlango wa dereva ukakataa kufunguka. Ya Karen, mwenyewe alikubali kufungua vifuniko, boliti zote zilikuwa mahali pake, lakini bei ilimzidi kijana, nami sikumsukuma.

Nakuru tulifika saa nne asubuhi. Z ilikuwa imepauka mgongoni, na rangi yake ya chungwa ilikuwa imegeuka kama ganda la embe lililokaa juani. Mpwa wangu aliinua betri mwenyewe. Chini yake trei ilikuwa nzima, na chungwa la kiwandani liling'aa kama la jana. Alinitazama bila kusema neno. Tulirudi nayo Nairobi jioni ileile kwa mwendo wa pole, mimi nyuma yake, kwa sababu matairi yalikuwa yamepigwa 3309. Kesho yake, kabla hata ya kuliosha gari, alinunua manne mapya.